Tembre za Kalonda ndani ya Kabati la Kioo

Alhamisi. Mvua imeanza alfajiri, na hadi sasa, alasiri, haijaona sababu ya kuacha. Mdomo wangu ni mchungu kama wa mtu aliyetafuna kwinini.

Nimepita. Bwana Ajenti, mzungu wa serikali, amekuja, ameangalia nyumba, ameridhika. Kadi ya ustaarabu, ile serikali inayowapa watu weusi wachache, itakuja. Mimi, karani wa duka mwenye kitambi na magoti yanayolia, sasa ni mstaarabu kamili hapa Kasongo.

Basi mbona sina furaha?

Kwa miaka mingi nimekusanya tembre, hizi stempu za barua. Nazikata kwenye bahasha za dukani, naziloweka, nazikausha, nazipanga kwenye albamu. Majirani hunicheka: "Mutu muzima anakusanya mate ya wazungu." Nami hucheka nao, maana ni kweli tupu.

Lakini ukurasa wa kwanza si wa mchezo. Ni tembre za Misri, alizozituma mdogo wangu Kalonda alipokuwa askari vitani. Hakurudi. Barua zenyewe zililiwa na mchwa, na kaburi lake silijui. Hizo tembre sikuziloweka kamwe. Niliziacha juu ya vipande vya bahasha, kwa kuwa aliyezilamba ni yeye.

Huku kwetu unyevu hula karatasi polepole, na mende humaliza kilichobaki. Mke wangu, Mama Feza, ndiye aliyeziokoa. Aliifunga albamu kwenye kitambaa, akaiweka kwenye uchaga juu ya moto wa jiko, kando ya mahindi ya mbegu na samaki wakavu wa Nyangwe. Pale mbegu haiozi wala mdudu hafiki. Tembre zikapata rangi ya chai, lakini zikadumu.

Bwana Ajenti alipokuja mara ya kwanza kunipima kama nastahili kadi, alikagua uma, akafunua mashuka, akauliza kama nakula meza moja na mke wangu. Nami, kwa kupenda sifa, nikamletea albamu. Akainusa.

"Hii inanuka samaki. Unaiweka wapi?"

"Jikoni, Bwana. Juu ya moto."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mustaarabu anaweka vitu vyake mu kabati. Nitarudi kuona."

Fundi akanitengenezea kabati lenye mlango wa kioo, nikaliweka sebuleni kama altare. Mama Feza alilizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Baba Feza, hii iko sanduku ya maiti. Hewa inapita wapi?"

"Ni ya siku chache tu, mama."

"Basi toa hata zile za Kalonda."

"Akikuta ukurasa mutupu, ataniuliza."

"Na Kalonda, yeye hatakuuliza?"

Niliitia albamu ndani, nikafunga kioo, na siku chache zikawa majuma ya mvua.

Leo Bwana Ajenti ameingia na viatu vya matope, akatazama kabati kupitia kioo, akaafiki kwa kichwa. Akanywa kahawa, akaenda zake.

Albamu hata hakuigusa.

Alipoondoka tu, nikaifungua. Kurasa zilikuwa zimeshikana, zimeota kuvu la kijani. Nilivuta ule wa kwanza taratibu, kama mtu anayefungua kidonda. Tembre za Misri zilichanika zote, nusu huku, nusu kule. Kilichobaki mkononi kilikuwa uji.

Mama Feza alikuwa amesimama mlangoni. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Angesema, labda ningepata wa kumkasirikia.

"Lete," akasema. "Nione kama iko kitu kinaweza kukauka."

Sasa namsikia jikoni, anapuliza moto. Sidhani kama kuna kitu.

Kadi nayo ni karatasi. Ikifika, nitaiweka ndani ya kabati la kioo, kama Bwana alivyoagiza, na sitaigusa mpaka masika yaishe.