Ulinituma Nimchoshe Afnan na Nairobi

Huruma, Nairobi.
Jumapili, 15 Septemba 2024.

Mpendwa Shangazi Lela,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yamepunguza kukusumbua. Presha umekwenda kupima, au bado unasema foleni ni ndefu? Baba aliniambia unawakimbia waganga kama mtoto anayekimbia sindano. Nenda, Shangazi, tafadhali. Mimi sijambo, masomo yanakwenda, na Jacky ninayekaa naye chumba kimoja hajambo pia. Anakuamkia, ingawa hamjapata kuonana.

Usishangae kuona karatasi na kalamu katika siku hizi za simu. Ujumbe wa simu unasomewa na Afnan, na haya ninayokuandikia sitaki ayasome yeye. Nimeandika herufi kubwa ili miwani yako iziweze. Mahmud, yule mwenye duka la vitambaa, anashuka Tanga keshokutwa, naye ameniahidi atakukabidhi mkononi mwako.

Binti yako Afnan nimempandisha basi asubuhi hii, mzima, na mfuko wa machungwa wa kula njiani. Nilipogeuka kurudi nyumbani nililia kidogo. Unajua tena, yeye ni binamu kwa damu, lakini tangu tucheze kombolela pale Ngamiani amekuwa rafiki yangu kuliko yeyote, na hapa ugenini mtu kama huyo akija kukutembelea unahisi umeletewa nyumbani kwenu.

Sasa tuje kwenye kazi uliyonipa. Ulinipigia simu ukasema, "Mtembeze mji, lakini mtembeze kunakochosha. Ayaone ya huko arudi hana hamu." Nami nilikubali, Shangazi. Chuo cha hapa Nairobi kimempa nafasi ya Januari kusomea ufundi wa mitambo, na nilijiuliza kama wewe ulivyojiuliza: atabaki nani na wewe, tangu marehemu mumeo atutoke? Basi sikumpeleka kwenye bustani wala kwenye majumba ya vioo ya katikati ya mji. Nilianzia hapa hapa Huruma.

Nilimpandisha ngazi zetu na dumu la maji, maana maji hayapandi ghorofani na siku nyingine hata chini hayafiki. Nikasubiri alalamike. Yeye akashuka akaleta dumu la Jacky pia. Nikampitisha kwenye vichochoro ambako nguo zilizoanikwa zinakudondokea kichwani. Akasimama kwenye mashine ya kusaga unga iliyo chini ya jengo, akamuuliza mwenyewe kwa nini mkanda wake unapiga kelele vile, na kabla sijakaa sawa alikuwa ameinama humo mpaka buibui lake likawa jeupe kwa unga. Nilicheka, lakini moyoni nilisema, Shangazi ataniua.

Ndipo nikaamua kumpeleka Industrial Area saa za mchana, aone watu wanaosimama nje ya viwanda tangu alfajiri wakingoja kuchaguliwa kwa vibarua. Nilidhani hapo ndipo hamu itamwisha. Jacky akatufuata. Tulikaa kwenye kibanda cha chakula kinachotazama geti la kiwanda, tukaagiza chapati na maharage. Afnan hata hakuwa anatazama sahani. Alikuwa anasikiliza mtambo uliokuwa ukinguruma nyuma ya ukuta, uso umemng'aa kama siku ile alipoifungua cherehani yako yote na kuirudisha ikashona.

Akapita mtu mmoja, mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli iliyopauka. Afnan, bila kufikiri, kwa adabu uliyomlea nayo, akamwambia, "Karibu chakula."

Wewe na mimi tunajua jibu lake. Pale mtaani kwetu mtu anasema, "Ahsante, endeleeni," na miguu haikomi hata kidogo. Huyu alisimama. Akamtazama Afnan, akamuuliza, "Ni mimi umeambia karibu?" Afnan akaitikia kwa kichwa. Mtu yule akaenda kunawa mikono, akavua kofia, akaomba dua ya Kikristo kimya kimya, akaketi.

Jacky akaninong'oneza, "Hapa ukiambia mtu karibu anakaribia, bana." Afnan alinitazama mara moja, macho yamemtoka, kisha akasukuma sahani yake katikati ya meza wakala pamoja. Jina la mtu yule ni Simiyu. "Nimekuwa hapa kwa geti tangu asubuhi, na hawajanichukua," alituambia. Hakula kwa pupa. Nakwambia, kila tonge alilichovya kwa heshima, na mimi nikajionea aibu. Tangu nije mji huu nimejifunza kula nimeinamisha kichwa, nisije nikakutana macho na mtu.

Alipomaliza alimshukuru Afnan, akasema, "Mamako alikulea poa. Yuko wapi?"

"Tanga," Afnan akajibu.

"Anaishi na nani?"

"Na mimi."

Simiyu akaichukua kofia yake. Halafu akasema, "Wangu pia alikuwa anaishi na mimi, huko Bungoma. Kila Krismasi nasema naenda." Akavaa kofia yake, akarudi getini kusimama na wenzake.

Njiani tukirudi, Afnan hakuuliza tena habari ya mtambo wowote. Alisema neno moja tu ambalo bado linanizunguka kichwani: "Abrar, kumbe kwetu tunawakaribisha watu kwa sababu tunajua hawatakuja." Nafikiri si kweli yote, kwani wewe umewahi kulisha mtaa mzima mwezi wa Ramadhani. Lakini kuna kaukweli ndani yake, na kameniuma.

Jioni yake tulipanda juu kabisa ya jengo kuanua nguo. Anakunja shuka, mimi nimeshika upande wa pili, akaniambia bila kuniangalia kwamba hatakuja Januari. Nilidhani basi, kazi yako imekamilika, Industrial Area imemshinda. Nikamuuliza, mji umekuchosha? Akacheka, yale macheko yake ya puani. Akasema angeweza kuishi hapa kuanzia leo hii, na ngazi zake na vumbi lake. Akasema aliposikia ule mtambo alijua kitu anachokitaka duniani.

"Lakini siwezi kumwacha Mama," akasema. "Na wewe usimwambie hivyo. Mwambie mji haukunipendeza. Akijua nimeacha kwa ajili yake, hatalala."

Nilimkabidhi ncha zangu za shuka. Yeye akachukulia nimekubali, akanibusu shavuni, tukateremka na nguo zetu. Siku zilizobaki alikuwa mchangamfu kupita kiasi, kila kitu anacheka, mpaka Jacky akaniuliza kama mgeni wangu ni mgonjwa.

Shangazi, nimelala na jambo hili na kuamka nalo. Nakupenda wewe na nampenda yeye, na kila ninavyoligeuza naona lazima mmoja nimvunje moyo. Sikulaumu kwa ulichonituma. Nani hangeogopa nyumba yenye sauti moja? Nami ninaogopa kwa niaba yako, hasa usiku ukishikwa na presha. Ila kuna tofauti kati ya mtoto anayebaki kwa kukosa hamu na mtoto anayebaki akiwa na hamu hiyo kifuani kila siku, huku anakuchochelea jiko na kukwambia hajambo. Wa kwanza ndiye uliyeniomba. Huyo wa pili ndiye niliyempandisha basi asubuhi.

Nisalimie Baba, na kaka Zubair na mkewe, na mdomo wa yule mtoto wao mchanga ninayesikia hanyamazi. Mwambie Bi Mwanaisha wa nyumba ya pili kwamba ile dawa ya chunusi aliyoniulizia nimeipata, Mahmud atamletea. Simiyu naye alisema "mamako alikulea poa," na kwa kuwa mama huyo ni wewe, salamu hizo nakufikishia.

Mpaka Mahmud akufikie, Afnan atakuwa ameshakaa nawe barazani na kukwambia Nairobi ni kelele na vumbi, hatairudia tena. Nawe utakuwa umeshamshukuru Mungu. Sina nguvu ya kukuzuia usishukuru. Nakuomba tu umwite, umkalishe karibu yako, umuulize ule mtambo ulikuwa unalia vipi, kisha umtazame usoni anapokuelezea. Baada ya hapo, ukiamua abaki, abaki. Lakini uwe umemwona.

Mungu akuzidishie afya na akupe moyo mpana kuliko wangu.

Mwanao asiyeacha kukupenda,

Abrar