Watu Saba wa Dada

Nyumba ile ile, chumba cha nyuma
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limetulia hata kwa baridi hii ya Juni. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa. Dada naye ni mzima, ingawa habari zake sizipati kinywani mwake, na kinachotutenganisha ni ukuta mmoja tu.

Picha za mjukuu zilifika. Amechukua kipaji chako cha uso, maskini. Hatakosa watani.

Shangazi, Dada ameachishwa kazi, na aliyemfungia mlango ni mimi.

Unajua ni yeye aliyeniingiza katika kampuni hii, akanifundisha mfumo wa kompyuta, ambao zamani aliutunza yeye, mpaka nikakabidhiwa. Wenzangu wananiita Funguo. Ndani ya mfumo kuna kama mti wa kampuni: kila mtu na kisanduku chake, juu yake mkubwa wake, chini yake anaowasimamia. Mimi ndiye ninayepanga nani awe chini ya nani, nani aone nini, nani aidhinishe nini. Na kuna sharti moja: huwezi kumwondoa mtu ambaye bado ana watu chini yake. Kwanza uwahamishe.

Jumatatu meneja aliniita, akafunga mlango. Idara ya manunuzi, ambayo Dada ndiye mkuu wake, inaunganishwa na ya ghala, na nafasi yake haipo tena. Angemwambia mwenyewe Jumatano mchana. Kazi yangu ni kuandaa mfumo na kunyamaza. Nikamuuliza, hata dada yangu? Akasema, "Hasa dada yako." Jioni ile nilikula naye meza moja, kila tonge kama jiwe.

Jumanne, wenzangu walipokwisha kuondoka, niliwahamisha watu wake saba, mmoja mmoja, nikawaweka chini ya mkuu wa ghala. Nilizima taarifa za barua pepe. Kumbe mfumo hutuma nyingine kwenye simu.

Asubuhi wote saba walikuwa wameshasoma kwamba msimamizi wao amebadilika. Wakadhani Dada amepanda cheo! Siwalaumu. Mkuu wa usafirishaji alipopandishwa mwaka jana, watu wake walipata ujumbe huo huo. Karani mmoja wanayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, alimpokea Dada mlangoni kwa vigelegele.

"Bosi, ndiyo unatuacha hivyo? Ukifika huko juu utatukumbuka kweli?"

"Nyamaza wewe, mwenyewe sijaambiwa," Dada akajibu, lakini anacheka.

"Si umeitwa na meneja mchana? Unadhani anakuita mkanywe chai?"

Akaja kwangu amekumbatia chupa za soda alizowanunulia watu wake, akaniwekea moja mezani. "Mdogo wangu, ulijua ukaninyamazia! Mnafiki mkubwa." Akanifinya shavu kama nilipokuwa mtoto. Nilifungua mdomo nimwambie. Meneja alikuwa amesimama mlangoni kwake, ananitazama. Nikasema, "Asante kwa soda."

Mchana aliingia kwa meneja amepaka rangi ya midomo. Nilikuwa nimeagizwa nimfungie akaunti akiwa humo ndani. Nikamfungia.

Baadaye simu ya mezani kwangu ikalia. Hakuniita mdogo wangu.

"Funguo, nifungulie dakika tano tu. Nataka niwaage watu wangu."

"Siwezi, Dada."

Akasema, "Najua. Nilikufundisha vizuri."

Soda yake bado iko mezani kwangu, haijafunguliwa.

Tangu hapo hasemi nami. Anapika, chakula changu anakifunika sahani, anaingia chumbani kwake. Afadhali angenitukana, Shangazi. Nikibisha hodi, anazima taa. Kila siku naandika kwenye shajara yangu niliyotaka kumwambia, na kila siku ni yale yale.

Wewe hakuzimii simu. Mpigie, nakuomba. Usinitetee. Mwambie jambo moja tu. Ijumaa niliagizwa niondoe jina lake kila lilipobaki kwenye mfumo, nami nimeliondoa. Lakini kwenye kisanduku changu mimi, palipoandikwa aliyenifungulia akaunti, jina ni lake. Hapo sikugusa. Meneja ameshaniuliza, nikamwambia hilo sifuti, atafute mwingine wa kulifuta.

Nisalimie Mjomba Kimya na wake zake wote wawili wasiokaa kimya, na binamu fundi cherehani. Mwambie suruali bado inanitosha. Mungu akulinde, akuongezee siku, na siku hizo uziishi ukitembea bila fimbo.

Ni mimi mwanao, nikupendaye,

Kitindamimba