Pawa Iliyokula Besi

Jumatano, 3 Julai 2024

Umeme ulikatika jana tangu adhuhuri. Uliporudi, ulirudi kwa hasira. Taa ya barazani ikapasuka, na nyuma ya amplifaya ya Baba kukatoka harufu ya kuungua. Si amplifaya yenyewe, alhamdulillahi. Ni kile kiboksi cheusi cha pembeni kinachoilisha umeme. Pawa, Baba anavyokiita. Bila pawa, amplifaya ni bati tu.

Leo hajanywa chai. Kakaa na kiboksi mapajani, anakinusa, anakigeuza, anakinusa tena.

Nikamwambia kesho napita Kariakoo kwa Abuzar, fundi wa redio, ana pawa za kila aina. Kanikatiza palepale. Original! Hataki mchina kwenye mashine yake. Mashine yenyewe kainunua mwaka themanini na nne kwa Mwingereza wa Msasani aliyekuwa anarudi kwao. Mimi nilikuwa bado tumboni. Hadi leo ni marufuku kuweka kikombe juu ya spika zile. Niliwahi kuchapwa kwa glasi moja ya juisi!

Alhamisi, 4 Julai

Nimetoka kwa Abuzar. Mzee Rahemtulla, baba yake, ndiye aliyekuwa akimuuzia Baba sindano za gramafoni, kwa hiyo tunajuana tangu utotoni. Abuzar kapima kiboksi, kakifungua, katikisa kichwa. Kimekufa.

Njia mbili. Original: binamu yake Zarin yuko Uingereza, anakuja mwisho wa mwezi, atatafuta iliyotumika na kuibeba kwenye begi. Mbadala: ipo hapo hapo kaunta, ya kiwanda kingine, volti zile zile.

"Sista, amplifaya haijui kusoma nembo," kaniambia.

Nimecheka kweli. Hayo ni maneno yangu mwenyewe! Kila siku pale kwenye duka la dawa ninakouza, Tandika, mtu anataka dawa ya Ulaya yenye boksi zuri, na mimi namwambia dawa ni ile ile, jina tu limebadilika. Watu wananiamini. Baba yangu ndiye haniamini.

Lakini Abuzar ni mkweli. Kasema zipo mbadala zinazotia mvumo kwenye spika, na zipo mbovu zinazokufa na mashine ya mtu. Hii anaiamini. Kuapa hawezi.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Barabara ya Kilwa haipitiki, vuvuzela tangu asubuhi. Kaka yangu Talha kafika kutoka Madale amevimba kwa foleni. Bila hata kukaa kaanza: mzee anataka original, mpe original, nalipa mie, haraka ya nini?

Haraka ya nini! Anakuja mara moja kwa mwezi, atajua nini huyu? Nimemwita Baba kutoka ukumbini, kimya. Nimemwita tena, kimya. Talha anacheka, eti mzee anatuchunia. Hatuchunii. Televisheni inasikika mpaka kwa Mama Brightson nyumba ya pili.

Na Ijumaa imepita bila santuri. Hilo ndilo linaloniuma. Baba alipiga gitaa la besi kwenye bendi miaka ya sabini. Bendi ilishavunjika, wenzake wengi wametangulia, imebaki santuri moja. Upande wa pili: gitaa linaanza, ngoma zinafuata, halafu vyote vinanyamaza na besi inaingia peke yake. Huyo ndiye Baba. Kila Ijumaa baada ya Alasiri anaiweka, anafumba macho, na vidole vinatembea gotini. Nimekua nikiona hivyo.

Keshokutwa nampeleka kupima masikio. Kakubali kwa shingo upande.

Jumanne, 9 Julai

Sijui niandike vipi.

Walimwingiza kwenye kile kichumba cha kioo, wakamvika hedfoni, wakampa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Baba alibonyeza hata daktari alipokuwa hajawasha kitu. Alikuwa anabahatisha tu, kama mtoto kwenye mtihani. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, nikajifanya napiga chafya.

Daktari ni dada mpole. Kasema hayarudi haya. Vidonge vitapunguza kasi, lakini tuhesabu miezi, si miaka. Halafu kasema jambo jingine. Wazee wengi hutangulia kupoteza sauti nyembamba. Baba yeye imeanzia chini, sauti nzito ndizo zinazoondoka kwanza.

Baba akaitikia: sawa sawa, daktari, sawa sawa.

Tulipofika nje akaniuliza, "Kasemaje?"

Nikamwambia kasema masikio yamechoka, unywe vidonge, turudi mwezi ujao. La sauti nzito sikumwambia. Sauti nzito ni nini kama si besi?

Jumatano, 10 Julai

Nimeamua. Sisubiri begi la mtu. Masikio hayasubiri.

Nimebishana na Baba mpaka koo limenikauka, maana kubishana naye sasa ni kupiga kelele, na ukipiga kelele majirani wanadhani unamtukana mzazi. Mwishowe kakubali mbadala. Ya kusubiria tu! Kaniapisha kwamba original ikija, hii inatoka siku hiyo hiyo.

Talha kapiga simu kunilaumu. Ikiunguza mashine ya mzee, nitajibu mimi. Nikamwambia nitajibu. Nikakata.

Usingizi sijapata. Kweli ikiungua?

Ijumaa, 12 Julai

Abuzar kaja mwenyewe baada ya Alasiri. Nguo nyeusi tupu, wao ni Shia, wako kwenye maombolezo ya Muharram. Shikamoo mzee, marahaba. Baba kaipima ile pawa kwa kiganja, kakunja uso. Nyepesi! Pawa ya kweli ina uzito, hii ni boksi la viberiti. Abuzar anacheka kichinichini. Kachomeka, kakaza skrubu mbili za plagi, kapima. Taa ya kijani ikawaka. Nikapumua.

Santuri ilipotolewa Abuzar kaomba udhuru. Miezi hii muziki hapana, anasubiri nje. Kwa hiyo tukabaki wawili.

Gitaa. Ngoma. Kimya. Besi ikaingia – safi! Haivumi, haikoromi, vioo vya dirisha vinatetemeka kama kawaida yake. Nilitaka kupiga vigelegele. Abuzar oyee!

Baba kafumbua macho.

"Besi iko wapi?"

Nilidhani anatania. Karudisha sindano. Gitaa, ngoma, kimya, besi. Vidole vyake gotini vimesimama.

"Hamna besi hapa! Mie nilisema! Hii pawa yenu imekula besi!"

Kafoka mpaka Abuzar kachungulia mlangoni. Nyie watoto wa siku hizi mnabebeshwa takataka, mnashukuru. Abuzar kaniangalia. Kutoka kule nje alikuwa ameisikia, aitake asiitake. Nikamkonyeza asiseme. Sijui kwa nini nilimkonyeza.

Jumamosi, 13 Julai

Najua kwa nini.

Jumatatu, 15 Julai

Nimerudi kutoka kazini nikakuta friji imechomolewa na samaki wote hawamo. Changu wa wiki nzima! Baba kawagawa kwa Mama Brightson kabla hawajaoza. Eti friji imekufa, haingurumi tena.

Friji yetu! Ile inayonguruma mpaka sufuria zinacheza kabatini.

Nimeichomeka. Imenguruma. Baba alikuwa amesimama pale pale kando yake, ananiangalia, anasubiri nimwambie kama imepona. Nikamwambia imepona, Baba, waya ulikuwa umelegea tu. Uongo wa pili huo.

Mama Brightson karudisha nusu ya samaki, anacheka mpaka machozi. Sikuweza kucheka naye.

Jumatano, 17 Julai

Ashura kwao kina Abuzar, duka limefungwa. Baba kanituma mara tatu nimpigie kuulizia original. Nimefurahi kupata sababu. Kafunga, Baba, ni Ashura.

Santuri anaiweka kila siku sasa, hangoji Ijumaa. Anaitegea sikio la kulia, anaitegea la kushoto, anabadili waya wa spika, anafuta sindano kwa spiriti. Halafu anaitukana pawa. Na nikitazama vizuri, akishaitukana anatulia. Anakula. Jana kala sahani mbili. Ana adui, na adui ana tiba, na tiba iko Uingereza inakuja.

Wiki iliyopita nilikuwa naomba ile original ipande ndege hata leo. Sasa naomba ipotee uwanjani.

Ijumaa, 19 Julai

Nimempigia Abuzar nikamwambia asiharakishe. Akanijibu: sista, ulinisumbua wewe kila siku, leo vipi? Nikamweleza yote. Kasema ile mbadala kaipima, haina kasoro hata chembe, na kama nataka atamweleza mzee kiufundi. Nikamwambia hapana, usithubutu. Bora akulaumu wewe.

"Basi anilaumu," kasema. "Mie nina mgongo mpana."

Mungu ambariki. Nimemharibia jina kwa mzee aliyemjua tangu anatambaa.

Jumapili, 21 Julai

Ugomvi na Talha, chini ya ngazi, sauti za chini – kana kwamba kuna haja ya kushusha sauti kwenye nyumba hii.

Nimemwambia alichosema daktari. Kakaa kwenye ngazi. Halafu kasema lazima mzee aambiwe. Nikasema sawa, kamwambie. Eti wewe ndo unakaa naye. Nikamrudishia: na wewe ndo kaka mkubwa! Eti wewe ndo mtu wa dawa. Hapo nikamtukana. Kweli nimemtukana, Mungu anisamehe.

Kapanda juu kumuaga Baba. Nikategea sikio. Nilisikia tu anapaza sauti: original iko njiani mzee, safari hii besi utaisikia! Mwoga. Kaondoka, kaniachia ahadi yake mikononi.

Wagonjwa wangapi nimewaambia ukweli pale kaunta? Dada, hii haitakusaidia, rudi hospitali. Babu, usitupe hela yako kwenye hii. Ulimi wangu mwepesi kwa watu wote isipokuwa mmoja.

Alhamisi, 25 Julai

Zarin kafika. Anayo.

Abuzar kauliza: niilete, au niseme imevunjika begini? Nikamwambia nitampigia. Ningeweza kumwambia aseme imevunjika. Pawa ingebaki na hatia, Baba angebaki na tumaini, tungeishi hivyo mpaka sauti zote ziishe, na hata hapo angesema ni pawa.

Lakini usiku alipokuwa anaenda kulala kasimama mlangoni kwangu, kaniuliza kama nadhani Ijumaa ijayo atakuwa amepata besi yake. Kauliza kwa adabu sana. Baba haniulizagi kitu kwa adabu.

Nimemwambia Abuzar alete.

Jumapili, 28 Julai

Abuzar kaja saa kumi, bado kavaa nyeusi tupu. Baba kaipokea kwa mikono miwili, kaipima. Nzito! Katabasamu, kaniambia unaona, hii ndiyo pawa. Abuzar kachomeka, kakaza skrubu zile mbili, kapima, kasema mzee iko vizuri. Safari hii hakusubiri nje. Kaniangalia, kaaga, kaenda.

Nilijiambia nitasema kabla hajaweka santuri. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Baba, kuna jambo daktari alisema. Nikafungua mdomo, na yeye akaniomba glasi ya maji.

Nikampelekea pamoja na vidonge vyake. Vidonge kaviacha mezani. Glasi kaiweka juu ya spika.

Juu ya spika! Baba!

Sikusema kitu. Kaishusha sindano, upande wa pili, kakaa kwenye kiti chake kaisogelea ile glasi.

Gitaa. Ngoma. Kimya. Halafu besi ikaingia. Sijaisikia hivyo tangu nikiwa mtoto. Niliisikia kwenye vioo, kwenye sakafu, kwenye nyayo zangu. Baba hakufumba macho. Alikuwa anatazama maji. Maji yalikuwa yanacheza, viduara vidogo vidogo vinatoka katikati vinakwenda ukingoni, na vidole vyake gotini vilikuwa vinayafuata. Vinachelewa kidogo. Baba yangu, ambaye hajawahi kuchelewa hata mpigo mmoja.

Kainua sindano mwenyewe. Nikajiandaa kufokewa. Hakufoka.

"Rudisha ile feki, mama."

Nikamwambia kwa sauti kubwa: hii ndiyo original, Baba. Umeisubiri mwezi mzima.

"Najua," kasema. "Rudisha ile."

Nimezima umeme. Nimemwambia naenda kutafuta bisibisi.

Niko jikoni. Friji inanguruma. Bisibisi ninayo mfukoni mwa gauni, ilikuwa mfukoni muda wote. Nikiirudisha ile, kesho ataitukana, atakula, atalala, na sisi wawili tutakuwa tunajua na hatusemi. Nisipoirudisha, lazima niende pale nikae miguuni pake na nizungumze, tena kwa kupiga kelele, maneno ambayo hayapaswi kupigiwa kelele.

Ananiita.

Nimeitika abee, kwa sauti ya kawaida.

Ananiita tena.