Gari Lililozima Katikati ya Maji

Garsen,
Jumatatu, 13 Mei.

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Mwaro,

Shikamoo baba. Ni mimi Kahaso, binti yako, nakuamkia kutoka huku Garsen ulikoniachia gereji. Goti linaendeleaje? Dada Nelly aliniambia siku hizi unafika kanisani bila fimbo, nikafurahi sana. Mimi mwili ni mzima, homa haijanipata tangu mvua zianze. Ningepiga simu, lakini masikio yako na simu hayapatani, nami sitaki kupaza sauti kwa haya niliyo nayo. Tafadhali vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Nelly akusomee.

Maji ya mto yametufikia, baba. Mashamba ya mpunga yamefunikwa yote, na watu wa bondeni wamehamia kambi iliyo kwenye mwinuko wa ng'ambo. Kati ya kambi na mji kuna maji ya karibu kilomita moja, na magari ya kisasa hayathubutu. Linalopita ni lile Land Rover lako la zamani tu, kwa kuwa liko juu na halina kompyuta ya kuharibika. Analiendesha Ngumbao, yule dereva wako. Anapeleka unga, anarudi na wagonjwa.

Alhamisi asubuhi lilikuwa likitikisika na kukosa nguvu. Nilipofungua distributa, ile inayogawa cheche, nikakuta pointi zimeliwa. Nikaweka mpya, halafu nikaanza kuweka taimingi, cheche itoke kwa wakati wake, kama ulivyonifundisha. Nilizungusha injini kwa hendeli mpaka alama ya puli ikakutana na mshale, nikahakikisha rota inatazama silinda ya kwanza. Nikaunganisha taa ndogo ya kupimia, nikawa naizungusha distributa polepole sana, nikingoja taa iwake, maana hapo ndipo cheche inapotoka. Taa ilipowaka tu, Mohamed akaingia mbio, amelowa hadi kifuani.

Huyu Mohamed ni mkulima wa kijiji cha Ndera, naye yuko kambini na mkewe Batula. Alivushwa na Tuneya, mwenye mtumbwi. Alisema uchungu umemshika Batula tangu alfajiri, damu inatoka, na mkunga wa kambini amesema hawezi, tena anaogopa kumlaza kwenye mtumbwi mdogo ule. Nikaifunika distributa kwa mpira wa tyubu ili maji yasiingie, nikafunga boneti, nikamwita Ngumbao. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri. Wakaondoka wao wawili, mimi nikabaki ukingoni na Tuneya.

Kwenda walikwenda salama. Niliwaona wakitoka kambini na kuingia tena majini. Walipofika katikati, mlio ukabadilika. Injini ikawa nzito, ekzosi ikaanza kulipuka, pa, pa, kisha kimya. Kimya kile, baba, sitakisahau. Maji yalikuwa yamefika milangoni na yalikuwa yakivuta kuelekea mtoni, kule ambako wiki iliyopita mamba alimchukua ng'ombe watu wakitazama. Nilimsikia Batula akilia kutoka mbali vile.

Nikaingia mtumbwini. Tuneya alisukuma kwa upondo. Njiani kitu kilipita chini yetu, kikauinua mtumbwi kidogo. Tuneya akauzuia upondo, nami nikang'ang'ania kingo. Sijui lilikuwa gogo au kiboko, wala sikuuliza. Tulipofika, tulimhamisha Batula. Midomo yake ilikuwa imepauka na mikono imekuwa baridi. Mtumbwi haukutosha watu wote, kwa hiyo Mohamed akaenda na mkewe, nami nikabaki na Ngumbao. Nikapanda juu ya bampa, nikafungua boneti, nikainamia injini. Ngumbao akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Labda ni mafuta. Labda yana maji." Baada ya dakika chache likawaka, tukatoka.

Batula alifika hospitalini amepoteza damu nyingi. Mtoto, msichana, alizaliwa kimya, wauguzi wakamsugua mpaka akalia. Mama yake alikaa siku mbili bila kumtambua mtu. Sasa wote wawili wako hai, namshukuru Mungu.

Lakini neno langu lilitembea. Wakati huu wa mafuriko petroli inaletwa na Khalid, kwa mitungi. Alihamia hapa miaka sita iliyopita na hana ukoo wa kumsimamia. Kabla jua halijatua siku hiyohiyo, watu walikuwa wameimwaga mitungi yake na kukiangusha kibanda chake. Wengine walisema aondoke Garsen kabla hajaondolewa. Ijumaa niliona wanaume wenye marungu wamesimama mbele ya mlango wake. Unajua kwetu jambo kama hili linavyoanza na mtu mmoja likaishia kwa watu wengi. Kila pikipiki iliyopita nilidhani inaleta habari kwamba ameuawa.

Baba, petroli ya Khalid ilikuwa safi.

Mohamed alipoingia gerejini, nilikuwa sijaikaza bolti inayoishika distributa. Niliifunika kwa mpira nikaisahau. Mtikisiko wa safari uliizungusha kidogo kidogo, cheche ikachelewa, injini ikafa. Nami nilijua. Nilijua nikiwa bado ukingoni, kwa ule mlio tu, kabla sijakanyaga mtumbwi. Nilipouvua mpira pale majini, niliigusa distributa kwa vidole viwili ikazunguka. Nikairudisha kwa kukisia, nikaikaza kwa spana huku nimempa Ngumbao mgongo, kisha nikafungua mdomo nikasema mafuta.

Siku tatu nilinyamaza kwa woga. Jana, tulipotoka kanisani, nilikwenda kwa Khalid nikamwambia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa nini nilingoja siku tatu. Nikaenda naye hadi steji ya matatu, nikasimama mbele ya watu, nikasema yote. Walionyamaza walinitisha kuliko walionitukana. Ngumbao aliutupa ufunguo miguuni pangu, akasema hatapanda tena gari nililolishika mimi. Kisha Mohamed, aliyekuwa ametoka hospitalini kutafuta nguo za mtoto, alinisogelea mpaka nikahisi pumzi zake. Nilidhani atanipiga.

Akasema, "Kambini bado kuna wagonjwa, na gari lingine hakuna. Kwa hiyo litavuka. Lakini utaliendesha wewe."

Safari ni leo. Nimeipima taimingi mara nne, na taa imewaka kwenye alama mara zote nne. Bolti nimeikaza mpaka kiganja kikachubuka, nikaondoka, nikarudi kuijaribu tena. Bado naogopa. Naogopa maji, naogopa kusikia mlio ukibadilika, naogopa kuwa na mgonjwa wa mtu nyuma yangu. Sijui kama wewe ulipata kuiogopa injini uliyoitengeneza kwa mikono yako. Kama uliwahi, usinifiche.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini Khalid ameingia sasa hivi na mtungi. Hakunisalimu. Amemimina petroli kwenye tangi mwenyewe, amekifunga kifuniko, amepanda na kuketi kiti cha mbele. Nimemwambia si lazima aje. Amenijibu kwamba petroli iliyomo ni yake, na anataka kuiona ikifika.

Msalimie Nelly na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia. Barua hii nampa Joy, anayesafiri kuja huko leo. Niombee, baba, na goti lako ulitunze kwenye baridi ya huko. Naenda kuwasha gari.

Ni mimi binti yako,
Kahaso Mwaro