Moto wa Kupashia Ngoma

Marahaba, mjukuu wangu Salim. Shikamoo yako imefika hapa Msambweni, nasi sote tu wazima, alhamdulillahi. Mama yako amepona kifua, na mkorosho wa uani umeanza kuzaa.

Umeniuliza kama ni gitaa lililoua ngoma zetu. Sijui. Nitakueleza nilichokiona nikiwa msichana, miaka ile tuliyokuwa tumepata uhuru karibuni.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga ngoma. Alasiri moja, kwenye harusi ya jirani, aliwasha makuti ili aipashe moto ngoma yake, ngozi ikaze, kama ilivyo desturi. Vijana nao walikuwa wamemleta mpiga gitaa kutoka Mombasa. Gitaa likatoa sauti ya kulegea. Baba akamwita kwa upole, "Mwanangu, lilete hapa motoni likaze."

Watu walicheka. Mgeni yule hakucheka. Alikuja akachutama kando ya moto, akamwomba baba ampigie kidogo. Akasikiliza sana, kisha akakaza nyuzi zake na kurudi uwanjani. Alipoanza, gitaa lilikwenda kwa mwendo ule ule wa baba, na watu wakacheza mpaka vumbi likapanda.

Baba hakuitwa tena kupiga. Nilikwenda kuketi naye, nikidhani analia. Alikuwa ameikumbatia ngoma yake inayopoa, vidole vikigonga taratibu.

"Sikiliza," akaniambia. "Wanacheza ngoma yangu."

Nilishindwa kujua nimpe pole au hongera. Mpaka leo sijui.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Nyanya yako,
Mwanamkuu