Siivui Barakoa

Dada yangu mpenzi,

Natumaini u mzima huko ulikokwama tangu mipaka ifungwe. Huku paka amezaa juu ya sanduku lako, na mjomba bado anagombana na redio.

Mechi zimerudi, bila watazamaji. Nimejishonea barakoa ya kufunga kisogoni, maana ile ya masikioni ilichomoka kila niliporuka kudaka. Wenzangu walicheka mpaka basi. "Golikipa, leo unamfanyia nani upasuaji?" nahodha aliniuliza. Nilicheka nao, lakini sikuivua.

Jumamosi, kwenye nusu fainali, kocha alichoka nami. "Sauti yako haisikiki. Mabeki atawapanga nani? Ivue au kaa benchi."

Nikakaa benchi. Nililia, dada, sikufichi.

Mama amekataza nikuandikie haya: ametoka hospitali, lakini anapumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni. Mimi ndiye ninayemlisha na kumgeuza. Nikimletea ugonjwa ule tena, hatauweza.

Wakati wa mapumziko nahodha alikuja kuniuliza kulikoni, nikamweleza. Akamwendea kocha. "Mabeki nitawapanga mimi. Yeye adake tu."

Nikaingia kipindi cha pili na barakoa yangu. Nilidaka mpaka viganja vikawaka moto. Hata hivyo tulitolewa, kwa penalti.

Nilirudi, nikaoga, nikafunga barakoa nyingine, nikamnywesha mama supu.

"Mmeshinda?" akaniuliza kwa taabu.

"Bado, mama. Kunywa."

Akamaliza bakuli lote.

Mdogo wako akupendaye,
Golikipa