Jina la Aliyekwenda Kazimia

Jumapili, 10 Oktoba

Nimefua. Nimepiga pasi sketi ya bluu. Bado Mama amenisema. "Mamkwe, kuya usafishe sahani, ao unangojea bakusafishie?" Ananiita mamkwe kwa sababu nimebeba jina la mama yake Baba, Wabiwa. Baba mwenyewe ananiita Mama. Nusu ya mji wetu wa Baraka wana majina ya marehemu na wanalala vizuri. Kwetu mambo yamezidi kidogo. Baba hajawahi kunichapa. Nikipita anaposhona, anasogeza cherehani nipate njia, kama mgeni.

Kesho tunachagua upande wa masomo. Ndiyo kwanza tumeanza humanités, sekondari ya juu, lakini prefe, mkuu wa shule, anasema anayechagua vibaya sasa atalilia mlangoni pa chuo kikuu. Nataka bio-chimie, yaani bayolojia na kemia, halafu udaktari, Bukavu. Baba anataka pedagojia, nifundishe hapa hapa. Naogopa kumwambia. Nitamwambia.

Jumatatu, 11 Oktoba

Bio-chimie. Baba aliinamisha kichwa tu: "Sawa, Mama." Ushindi rahisi mno. Sikuufurahia.

Jumamosi, 2 Julai

Buletini, ripoti ya mwaka. Wa pili darasani. Wa kwanza ni Espérance, binti wa wakimbizi wa Burundi, rafiki yangu, ananiudhi sana. Mwalimu wa kemia amesema chuo kikuu kitaangalia buletini hizi pamoja na diploma, tusijidanganye kwamba tutakazana mwaka wa mwisho. Basi tumepanga. Bukavu, chumba kimoja, yeye famasia, mimi udaktari. Yeye atapika kwa sababu mimi naunguza.

Nikarudi nyumbani nacheka. Jirani yetu Bibi Nyassa akanishika kidevu, akaanza kulia. Eti kicheko ni kile kile. Yeye na Wabiwa walikuwa wakiuza mawese pamoja. Nikamwuliza alikufaje. "Nani alikuambia alikufa?" Nimekosa raha tangu saa ile.

Jumapili, 3 Julai

Nimemshika Mama mpaka akasema. Wakati wa vita ya zamani Bibi Wabiwa alipanda mtumbwi na bidoni zake, madumu ya mawese, anashuka ziwa kwenda Kazimia. Baba alikuwa mtoto mdogo. Mama yake alimwambia amngojee pale pwani, atarudi. Hakurudi. Wala mtumbwi, wala bidoni. Wajomba zake walipotaka kukalisha matanga, mtoto aliwatupia mawe. Amekuwa mtu mzima, bado hataki. Hakuna mwili, hakuna matanga.

Halafu nikazaliwa mimi. Kwa Baba, ndiyo amerudi.

Sasa naelewa kwa nini nyumba yetu haina dirisha upande wa ziwa. Nilidhani ni ubahili.

Jumatano, 15 Machi

Nimemwota tena Bibi Wabiwa. Anasimama mlangoni, miguu imelowa, anangoja nimpishe. Uso ni wangu.

Leo nimekosea hesabu ya kemia, ya moli, mbele ya darasa zima. Espérance alinionea huruma. Afadhali angecheka.

Jumanne, 14 Mei

Mwaka wa tatu unaisha. Wa kwanza darasani! Espérance amenuna na mimi nimenenepa kwa furaha.

Ila Baba. Nilimwonyesha buletini, akaisoma yote, akaikunja taratibu. Akauliza kama hospitali ya hapa Baraka haiwezi kunifundisha udaktari hapa hapa. Nikasema hapana, Baba, ni chuo kikuu. Akauliza Bukavu motoka inafika kila siku? Inafika. Hakuna kupanda mtumbwi? Hakuna. Akapumua. Halafu akanipa paja la kuku kabla ya kujipakulia mwenyewe, mbele ya wadogo zangu, nao wakanitazama vibaya. Nilikula kwa aibu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mwaka wa mwisho. Tunarudia mitihani ya zamani mpaka macho yanauma. Nimegundua kitu ambacho sikutaka kukigundua: nikimwomba Baba kitu kwa sauti ya chini, polepole, namna Bibi Nyassa anavyosema Wabiwa alikuwa akiongea, Baba hakatai. Niliomba taa ya sola ya kusomea. Ilikuja kesho yake. Najiapiza kutofanya tena.

Jumanne, 18 Februari

Vita imefika Bukavu. Barabara haipitiki. Shuleni leo hakuna aliyesoma, hata walimu walikaa nje na redio.

Miaka yote hii ya kupanga. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumatatu, 24 Februari

Mwalimu wa kemia ametuita, Espérance na mimi. Kalemie kuna chuo kikuu chenye udaktari. Buletini zetu zinatosha, tupate diploma tu. Espérance akauliza njia. Boti, mwalimu akasema, kama vile anasema baiskeli. Inashuka ziwa, inapitia Kazimia.

Sijamwambia Baba. Mama nimemwambia. Hakunitania. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Jumatano, 25 Juni

Mtihani wa Serikali, siku ya sayansi. Nilikaa peke yangu kwenye benchi, lakini muda wote nilisogea pembeni, kama tumekaa wawili. Msimamizi aliniuliza kwa nini nakaa ukingoni. Maswali nimeyajibu yote.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefaulu! Ujumbe uliingia kwenye simu ya Espérance, wake na wangu. Alikimbia na kopo zima la poda, kama wanavyofanyiwa wote wanaofaulu, akanimwagia kichwani, usoni, mgongoni. Watoto wa mtaa wakaongeza. Tukaimba mpaka nyumbani, mimi nimekuwa mweupe pe kama mzimu!

Bibi Nyassa alikuwa anaanika muhogo. Akaniona. Akapiga yowe na kuanguka kwenye mkeka wake. "Wabiwa! Nani alikuzika?"

Wimbo ukakatika. Baba alitoka, akanitazama na poda yangu, akarudi ndani akafunga mlango. Hakunipongeza. Nilijiosha uani huku Mama ananimwagia maji.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimemwambia Baba. Kalemie imenikubali.

Hakupaza sauti. "Somea fasi yoyote kwenye motoka inafika. Ku mayi, hapana." Nikamwambia hakuna mahali pengine, ni kwa maji tu. Nikamwambia barabara zote zimekufa. "Basi ungojee, Mama. Kungojea hakuue muntu." Yeye ananiambia mimi kuhusu kungojea!

Espérance haendi mwaka huu, wazazi wake wamesita. Anafundisha shule ya msingi, anasema ni kwa muda. Nimemwona leo na chaki mkononi. Nimeogopa kuliko ninavyoogopa ziwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefanya.

Asubuhi, Mama yuko sokoni. Baba anashona sare za watoto. Nilisimama mbele ya cherehani. Sikusema Baba. Nikasema polepole, kwa sauti ile: "Mwana wangu. Uniache niende. Nitarudia kwako."

Miguu yake ikasimama juu ya kanyagio. Hakunitazama mimi, alitazama pembeni yangu kidogo. Sauti aliyotoa haikuwa ya mtu mzima.

"Ulisema vile vile."

Nilitaka acheke. Nilitaka anipige kibao kwa mara ya kwanza. Alifuta macho kwa kipande cha sare.

"Basi wende, Mama. Mi nitakungojea."

Nimepata nilichokitaka tangu mwaka wa kwanza. Najichukia. Sitarudisha maneno, maana nikirudisha sitakwenda.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika ndani ya boti, mwandiko unayumba. Baba alikuja pwani. Mama anasema hajakanyaga pale tangu waoane. Alisimama mbali na maji, mikono nyuma. Hakupunga. Alikuwa bado amesimama pale nilipoacha kumwona.

Kazimia wamepanda wanawake na bidoni za mawese. Nilimtazama kila mmoja usoni, mmoja mmoja, hata vijana. Mama mmoja aliniuliza kama namdai.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimejiandikisha. Karani aliuliza jina, nikasita. Aliyekuwa nyuma yangu akaguna.

Sijamwota tangu nifike. Kila asubuhi naamka nikimtafuta mlangoni.

Jumapili, 23 Novemba

Baba amepiga simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Anasema alikuwa akishuka pwani kila jioni baada ya kazi, mpaka siku moja miguu ikamwuma, akaketi juu ya jiwe, akajiona ni mzee. Siku hiyo alipanda kwa wajomba kuwaambia wakalishe matanga.

Yamemalizika jana. Amenyoa kichwa. Bibi Nyassa aliimba mpaka sauti ikakauka. Kwa kuwa hakuna mwili, Baba alishona gauni, nalo ndilo walilozika. Kitenge kizuri, anasema, alichagua mwenyewe. Hakukumbuka mama yake alikuwa na kimo gani. Alitumia vipimo vyangu.

Nilikaa kitandani.

Akauliza, "Na we, Rehema, unakula muzuri kule?" Rehema ni jina langu la ubatizo. Hakuwahi kuliita. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya baba wa mtu yeyote. Nikasema nakula. Akasema nisome, nisisahau kuvaa viatu penye matope, Mama ananisalimu.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nitarudi lini. Hakuniuliza.